Nusu dola ya 1916 haijapata mpinzani

Muulize mpenzi yeyote wa sarafu ni ipi nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa Marekani, jibu analo mdomoni: dola ishirini ya dhahabu ya mwaka 1907. Mimi nakataa. Sisemi ni mbaya, la hasha. Nasema kuna iliyoizidi, na wala haikuwa ya dhahabu.

Tuipe kwanza haki yake. Desemba 1904 Rais Theodore Roosevelt alimwandikia waziri wake wa fedha akilalamika kwamba sarafu za nchi yao zinachukiza macho. Kazi akampa mchongaji Augustus Saint-Gaudens, mzaliwa wa Dublin, ambaye saratani ilikuwa inammaliza. Mzee akauchora Uhuru kama mwanamke anayekujia uso kwa uso, mkono mmoja mwenge, mwingine tawi la mzeituni, mionzi ya jua nyuma yake. Sura iliinuka juu ya dhahabu kama kwenye sarafu za Wagiriki wa kale, ambazo Roosevelt alizihusudu. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mashine ilibidi iikandamize kila sarafu zaidi ya mara moja ndipo sura itokee vizuri, na wenye benki wakanung'unika kwamba hazipangiki. Zilitoka kama 12,000 tu, kisha Charles Barber, mchongaji mkuu wa serikali ambaye hakuupenda mradi huo tangu mwanzo, akaishusha ile nakshi. Saint-Gaudens hakuyaona hayo. Alifariki Agosti 1907.

Sasa niambieni, kibarua gani alitembea na dola ishirini mfukoni, wakati ilizidi mshahara wake wa wiki nzima?

Nusu dola ya fedha iliyoanza 1916 ilikuwa pesa ya watu. Aliyeichora ni Adolph Weinman, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyewahi kufundishwa na huyohuyo Saint-Gaudens. Uhuru wake hakuangalii wewe. Anatembea zake kulielekea jua linalochomoza, bendera kajitanda mabegani kama kanga, inapepea nyuma yake, mkono mmoja kaunyoosha mbele. Ukiitazama dakika moja unaanza kusubiri apige hatua ya pili. Geuza: tai kasimama juu ya jabali, na kamche ka msonobari kamechipua mwambani. Kasoro inayo, maana nyingi zilitoka kichwa na mkono vimefifia, lakini hata kufifia kwake naona kunaipendeza.

Mwaka huohuo Weinman alichora pia senti kumi. Uhuru akavishwa kofia yenye mabawa kuashiria fikra huru. Watu wakaona mabawa wakasema ni Mercury, mungu wa Warumi. Mwanamke akageuzwa mwanamume hivihivi, na jina likaganda.

Senti tano ya 1913 ya James Earle Fraser inanipa tabu. Upande mmoja uso wa mwenyeji asilia wa Amerika, upande wa pili nyati wa mbugani. Nzuri kweli. Ila nyati hao walikuwa wameuawa kwa mamilioni hadi wakakaribia kwisha, na wenyeji wale walikuwa wamenyang'anywa ardhi. Sheria ya kuwapa wote uraia ilikuja 1924. Unamsifu uliyemfukuza kwake, tena kwa senti tano! Hata mwaka wa sarafu, uliowekwa begani, ulisagika upesi.

Kilichoziua sarafu hizi ni marais. Lincoln alitangulia kwenye senti moja mwaka 1909. Washington akachukua robo dola 1932, Jefferson senti tano 1938, Franklin Roosevelt senti kumi 1946. Nusu dola ya Weinman iliisha 1947, akaingia Benjamin Franklin, ambaye angalau hakuwa rais, na 1964 Kennedy. Vichwa vitupu, vyote viliwekwa vikitazama pembeni kama picha za kitambulisho.

Tangu 1986 mwanamke wa Weinman amerudishwa kwenye sarafu ya wakia moja ya fedha, inayong'aa kama kioo. Wanunuzi wake huifungia ndani ya plastiki wakingoja bei ipande. Mimi nipeni ile ya zamani iliyopita kwa wauza mkate na makondakta wa tramu, bendera imelainika, vidole havionekani tena, na bado anatembea.