Agizo lisilorudi na jibu

Kila nikizungumza na ndugu zangu wa Tanzania kuhusu maisha ya huku Uingereza, swali ni lile lile: kwa nini huko ukiiandikia ofisi ya serikali unajibiwa? Kabla sijasema neno, mwenye swali keshajijibu kwamba wenzetu wamezaliwa na nidhamu. Sikubaliani naye hata kidogo. Naishi Lincoln, mji wenye ngome iliyojengwa kwa amri ya William Mshindi mwaka 1068, na ukisoma habari za watu walioitawala kaunti hii kwa niaba ya wafalme utakutana na rushwa, ubabe na ujanja ambao mtu wa kwetu angeutambua bila kuelezwa. Kilichowabana maofisa wale hakikuwa tabia njema. Kilikuwa utaratibu, na utaratibu mtu yeyote anaweza kuujenga.

Mkuu wa kaunti aliitwa sherifu. Mfalme ndiye aliyemteua na ndiye aliyemwondoa. Alikusanya mapato ya mfalme, akaongoza mahakama ya kaunti, akakamata wahalifu na kuwaweka ndani. Alipangiwa kiasi cha kupeleka hazina kila mwaka, na kwa muda mrefu kilichozidi kiasi hicho kilibaki mfukoni mwake. Unaweza kufikiria mkulima alikamuliwa namna gani. Lakini mara mbili kwa mwaka, Pasaka na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, sherifu huyo huyo mwenye kutisha aliitwa mbele ya maofisa wa hazina. Aliketi kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha mirabaraba, na hesabu yake ikapangwa mbele ya macho yake kwa vihesabio, safu kwa safu. Majibu yaliandikwa kwenye ngozi. Hesabu za mwaka 1130 zipo mpaka leo.

Hiyo ni fedha. Kinachonigusa zaidi ni hati.

Mfalme hakuweza kuwa kila mahali, kwa hiyo alitawala kwa vipande vyembamba vya ngozi vyenye mistari michache ya Kilatini na muhuri. Mfalme anamsalimu sherifu wa Lincoln, kisha anamwamuru: mwite fulani afike mbele ya majaji siku fulani, au mrudishie fulani shamba alilonyang'anywa bila hukumu. Mwishoni hati nyingi zilikuwa na sharti dogo: siku hiyo uje na hati hii. Sherifu hakuruhusiwa kuisoma, kuitupa kabatini na kusahau. Alitakiwa kuandika nyuma ya hati ile ile alichofanya, au sababu ya kutofanya, kisha airudishe kwa siku iliyotajwa. Nimemwita. Hakupatikana katika kaunti yangu. Hana mali ya kukamata. Agizo lilishuka, na jibu likapanda juu ya kipande kile kile cha ngozi, likiwa na jina la aliyelijibu.

Msidhani masherifu walikubali kirahisi. Walibuni visingizio, na kimoja kilichozoeleka kilikuwa kuandika kwamba hati imechelewa mno kufika, kwa hiyo haikuweza kutekelezwa. Mwaka 1285, chini ya mfalme Edward wa Kwanza, ikatungwa sheria iliyoshughulikia ujanja huo moja kwa moja. Mwananchi mwenye hofu na sherifu aliruhusiwa kumkabidhi hati hadharani, mbele ya mkutano wa kaunti, na kudai cheti chenye majina ya wahusika, tarehe ya kukabidhi na muhuri wa sherifu au wa naibu wake. Sherifu akikataa kugonga muhuri, basi manaiti, yaani wapiganaji wa farasi wenye cheo, na watu wengine waaminifu waliokuwepo wagonge mihuri yao kama mashahidi.

Niliposoma kifungu hicho nilimkumbuka baba yangu mdogo. Alipeleka barua ya malalamiko ya shamba kwenye ofisi moja ya umma nyumbani. Aliyeipokea akasema, mzee iache tu hapo, tutakupigia. Hakupewa nakala, muhuri wala namba ya jalada. Aliporudi kuulizia, akaambiwa barua yake haikuwahi kufika. Mzee wa watu hakuwa na cha kuonyesha. Miaka zaidi ya 700 iliyopita mkulima wa Lincoln aliandikiwa sheria ya kumkinga na jibu kama hilo, na baba yangu mdogo katika karne ya 21 alirudishwa mlangoni na neno la mtu mmoja. Linaniuma mpaka leo.

Haya hayakuja kwa sababu wafalme walikuwa wema. Mwaka 1170 Henry wa Pili alirudi kutoka Normandy, akaagiza uchunguzi wa masherifu wake na kuwaondoa wengi wao, na kisa kikubwa ni kwamba fedha yake ilikuwa inaliwa njiani. Mwaka 1258 makabaila walimlazimisha Henry wa Tatu akubali kwamba katika kila kaunti manaiti wanne wapokee na kuandika malalamiko ya watu, na kwamba sherifu akae mwaka mmoja tu. Matangazo ya mabadiliko hayo yalipelekwa kwenye kaunti kwa Kifaransa na Kiingereza, siyo Kilatini cha makarani peke yake, ili raia ajue alichoahidiwa. Mwaka 1274 Edward akatuma watu wake nchi nzima, na kila tarafa ikatoa watu walioapishwa kujibu maswali: nani alikula rushwa, nani alimwachia mhalifu, nani alitoza asichostahili. Waliapa wakataja majina. Sheria ya mwaka uliofuata ilitungwa kwa kutazama waliyoyasema.

(Na kwa wanaodhani mambo hayo yote yalikuwa ya wanaume: mwaka 1216 mfalme John, akiwa mahututi, alimteua Nichola de la Haye kuwa mmoja wa masherifu wa kaunti hii ya Lincoln. Mama mtu mzima, mjane, na mwaka uliofuata aliilinda ngome ya hapa isitekwe.)

Sasa nitazame kwetu. Mfumo wa mkuu wa wilaya tumeurithi kwa Waingereza walioitawala Tanganyika. Wakuu wa mikoa na wa wilaya huteuliwa na rais, kama sherifu alivyoteuliwa na mfalme, na sheria ya mwaka 1997 inawapa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Maagizo kwetu hayana uhaba. Kiongozi anasimama kwenye mkutano wa hadhara, kamera zinawaka, anasema natoa siku saba kisima hiki kitoe maji. Watu wanapiga makofi, magari yanaondoka. Siku ya nane nani anauliza? Agizo halina karatasi wala tarehe ya kujibu, na aliyeagizwa halazimiki kuandika popote kwamba nimefanya au nimeshindwa kwa sababu hii.

Huku nilipo, nikiiandikia halmashauri napata namba ya kumbukumbu, na nikiomba taarifa chini ya sheria ya mwaka 2000 wana siku 20 za kazi kunijibu. Lakini na sisi tuna sheria ya kupata taarifa, ya mwaka 2016, yenye siku 30. Kwa hiyo hatukukosa sheria. Tumekosa mazoea ya kudai muhuri wa kupokelewa, na wengi wetu tunaona aibu kuudai, kana kwamba tunamtukana ofisa.

Tena kuna jambo ambalo nyumbani tuko mbele. Mkutano wa kaunti wa zamani, ambapo hati za mfalme zilisomwa mbele ya watu, huku haupo tena. Majirani zangu wengi hawamjui hata diwani wao. Uamuzi wa halmashauri unaingia kwa tundu la mlangoni ukiwa ndani ya bahasha, kila mtu anausoma peke yake. Kwetu upo mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwenyekiti anabanwa mbele ya mama zake na shangazi zake asome mapato na matumizi. Hicho ndicho ninachokikosa kuliko chakula cha nyumbani.

Ninachowaomba ndugu zangu ni kidogo. Mkuu wa wilaya akija akatoa agizo, mtendaji wa kijiji aliandike siku hiyo hiyo kwenye muhtasari: nani kaagiza, nani kaagizwa, lini mwisho. Nakala ipelekwe wilayani, na nyingine ibaki kijijini ikiwa imegongwa muhuri. Ofisa akikataa kugonga, wazee watano waliokuwepo waweke sahihi na tarehe. Mkutano unaofuata uanze na karatasi hiyo, kabla ya mapato na matumizi, na aliyeagizwa asimame ajibu.