Msalabani, Mungu Alikuwa Upande Gani?

Ijumaa Kuu iliyopita mhubiri mgeni alifungua mkanda wa suruali yake, akaukunja mara mbili, akaupiga juu ya mimbari. "Hivi ndivyo Baba alivyompiga Mwanawe kwa niaba yako!" Akapiga tena, na tena. Binti wa dada yangu, mtoto wa miaka tisa, aliziba masikio akajikunja ubavuni mwangu. Watu wazima walikuwa wanalia. Mimi nilitoka kanisani nimekasirika, na hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Sisemi mhubiri yule alitunga uongo. Mbele yake alikuwa na Isaya 53, na Isaya anasema waziwazi kwamba "adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake". Tatizo ni kwamba alishika picha moja kati ya nyingi, akaivuta mpaka ikachanika, akatuachia Mungu asiyeweza kusamehe mpaka kwanza apige mtu.

Tulitazame neno lenyewe, upatanisho. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza, hilasterion, ni neno la hekaluni, la damu na kuondolewa dhambi. La pili, katallage, ni la watu waliokosana wakarudiana. Biblia yetu ya Union imeyaweka yote mawili chini ya paa moja: Warumi 3:25 ni "upatanisho", Warumi 5:11 ni "upatanisho". Wapo wasomi watakaosema hapo tumepoteza kitu. Huenda, lakini tumepata pia. Anayesoma Kiswahili hawezi kutaja damu ya msalaba bila kusikia ndani yake watu wawili wanaopatana. Na Paulo anapoeleza nani alimpatanisha nani, hageuzi mpangilio hata mara moja: "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake." Hasemi popote kwamba Mungu ndiye aliyebembelezwa akapoa. Tuliokuwa mbali ni sisi. Yeye ndiye aliyekuja.

Tunalo pia neno kafara, lililotufikia kupitia Kiarabu, na shina lake ni lile lile la Kiebrania linalotumika katika Walawi 16, sura ya Siku ya Upatanisho. Inasikitisha jinsi neno hili lilivyochakaa. Leo ukimwambia kijana wa mjini "kafara" anawaza tajiri aliyemtoa ndugu yake ili biashara ishike. Halafu tunamhubiria kwamba Yesu ni kafara, na bila kujua tunampachika Mungu sura ya yule tajiri.

Isome Walawi 16 taratibu. Kuna mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa, na damu yake inapelekwa patakatifu ili kupasafisha, kwa kuwa uchafu wa watu umepaharibu. Wa pili ndiye kuhani anayemwekea mikono kichwani na kuungama juu yake maovu yote ya Israeli. Na huyu wa pili, aliyebebeshwa dhambi, hachinjwi! Anapelekwa jangwani akiwa hai, anaondoka nazo. Nimelisikia somo hili likihubiriwa tangu utotoni, na karibu kila mara mbuzi hawa wawili wanachanganywa kuwa mmoja anayepigwa.

Kanisa lenyewe halikuwahi kufunga mjadala. Wengi hushtuka wakiambiwa hivyo. Mitaguso mikuu ya kale, yaani mikutano ya maaskofu, ilipigania kila neno kuhusu Kristo ni nani, lakini kuhusu namna kifo chake kinavyotuokoa, Imani ya Nikea, ungamo lililotoka huko, inatosheka kusema "kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu". Haiendi mbali zaidi.

Kwa hiyo kila kizazi kimeeleza kwa picha za dunia yake. Wakristo wa mwanzo waliishi kwenye dola ya watumwa, wakaishika kauli ya Yesu ya kutoa nafsi yake "iwe fidia ya wengi". Sisi wa huku tunapaswa kuielewa picha hiyo kuliko wengi. Bagamoyo, kuanzia 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wakinunua watumwa ili wawaache huru. Pale Mkunazini, Zanzibar, kanisa kuu la Anglikana limesimama mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Ukiimba "Mkombozi" ndani ya jengo lile, neno linakuwa na minyororo ndani yake.

Lakini fidia ile alilipwa nani? Wengine walijibu kwamba alilipwa Shetani. Askofu Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alikataa katakata kwamba mnyang'anyi alipwe bei kubwa namna hiyo. Kisha akauliza swali ambalo mhubiri wa mkanda angepaswa kulisikia: na Baba je, angewezaje kuifurahia damu ya Mwanawe, yeye ambaye hata Isaka hakumpokea alipotolewa na baba yake?

Askofu mkuu Anselm wa Canterbury, aliyemaliza kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1098, aliwaza kwa lugha ya heshima ya bwana iliyovunjwa. Watu humlaumu kwamba ndiye aliyeanzisha habari za adhabu, na nadhani wanamwonea. Kwake yeye ni ama adhabu ama malipo ya heshima, na Kristo alitoa malipo hayo kwa hiari yake ili adhabu isiwepo. Abelard, mwalimu wa teolojia wa Ufaransa, muda mfupi baadaye, alisisitiza upendo unaowasha upendo ndani yetu. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16 aliyesomea sheria kabla ya teolojia, ndiye aliyetuingiza mahakamani moja kwa moja: hukumu, mshitakiwa, anayesimama badala yake. Wamisionari wengi walituletea picha hiyo ya mwisho, na tukaipokea kana kwamba ndiyo Injili yote.

Siiondoi mahakama. Mtu aliyepoteza watoto ndani ya kanisa la Nyamata, Rwanda, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 hahitaji Mungu asiyekasirika. Lakini hasira ya aliyekosewa si lazima itafute mgongo wa kuupiga. Nimeshuhudia hilo kwa macho yangu.

Binamu yangu aliuza ng'ombe wawili wa baba yake bila ruhusa, akatoroka. Baba mkubwa alikaa miaka sita bila kulitaja jina lake. Siku kijana aliporudi, amekonda, wazee walikaa barazani wakamwambia arudi na mbuzi, ndipo waongee. Hakuwa na hata nauli ya kurudia mjini. Alisimama uani ameinamisha kichwa, na hakuna aliyesema neno.

Baba mkubwa akainuka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na uso wake haukuwa wa mtu aliyesahau. Ng'ombe wale walikuwa ada ya shule ya wadogo zake kijana. Akaingia zizini mwake mwenyewe, akatoka na beberu mweusi, akaiweka kamba mkononi mwa mwanawe.

"Shika. Zunguka nyuma ya nyumba, uje naye kwa mbele."

Kijana akazunguka. Tukamsikia analia huko nyuma, na mbuzi naye analia. Alipotokea mbele, wazee wakasimama kumpokea, na baba yake akaipokea kamba ile ile kutoka mkononi mwake kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.