Kabla ya kiwanda cha mwani, tununue boti

Geuza pakiti ya maziwa ya chokoleti iliyotoka nje usome yale maandishi madogo. Ukikuta E407, hiyo ni karajinani, kiungo cha kufanya kinywaji kiwe kizito, kinachotokana na mwani, yaani majani ya baharini. Huenda ulifungwa kamba na mwanamke wa Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya Zanzibar, mgongo umeinama, maji yamekupwa.

Kilimo chenyewe kilianza Zanzibar mwaka 1989 hivi, kwa mbegu ya Ufilipino. Vijiti vinapigiliwa mchangani, kamba zinakazwa, vipande vya mwani vinafungwa kimoja kimoja kwa taitai, vijikamba vyembamba. Baada ya wiki kama sita unavunwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, unaanikwa, unatiwa maguniani. Kazi yetu inaishia hapo, na bei anapanga mnunuzi.

Kinachofuata si uchawi. Mwani huoshwa, huchemshwa kwenye maji yenye alkali, ukachujwa. Ule uji hugandishwa kwa spiriti au chumvi ya potasiamu, hukamuliwa, hukaushwa na kusagwa. Ipo hata njia fupi: kuuchemsha kwenye alkali bila kuuyeyusha, kuuosha, kuukausha na kuukatakata. Wafilipino wanafanya hivyo siku nyingi.

Ndiyo maana kila mtu anasema tujenge kiwanda. Sawa, lakini kitachemsha nini? Mwani wenye bei ni kotoni, unaotoa jeli ngumu. Tunaovuna kwa wingi ni spinosamu, jeli yake laini na bei yake ya kusikitisha. Kotoni hauwezi joto la maji ya kina kifupi: unapauka, unaoza, unakatika. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani wa Zanzibar, amejaribu pamoja na wakulima kuupanda kwenye maji ya kina zaidi, ndani ya nyavu ndefu zenye umbo la mirija. Tatizo ni kwamba huko hufiki kwa miguu. Panataka boti, na panataka mtu anayejua kuogelea. Wanawake wangapi wa pwani walifundishwa kuogelea?

Pesa ya kwanza ningeiweka hapo. Sabuni za mwani wanazouziwa watalii ni nzuri (hata mimi nanunua), ila hazimalizi magunia yanayosubiri ghalani. Kikundi cha wakulima kipewe boti, mafunzo ya kuogelea, na mkopo wa kamba usiowalazimisha kumuuzia mnunuzi mmoja tu. Kiwanda kije kikute kotoni ya kuchemsha.