Lori la Nguo na Mzee Aliyeomba Koleo

Desemba 2023 nilikuwa likizo nyumbani Tanzania zilipotufikia habari za maporomoko ya tope, mawe na magogo yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang asubuhi ya tarehe 3, yakafukia sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani kama Gendabi na kuua watu zaidi ya 80. Siku chache baadaye nilipanda lori la misaada lililoandaliwa na kanisa moja. Tulibeba marobota ya nguo, sabuni na magodoro. Tulipokuwa tukishusha mizigo, mzee mmoja ambaye chumba chake kilikuwa kimejaa tope hadi usawa wa dirisha alisubiri tumalize, akatusalimu kwa utaratibu, kisha akauliza kama tulikuja na koleo, hata moja. Hatukuwa nalo. Pale pale, juu ya rundo la nguo, nilikuwa nimeona viatu vya visigino virefu.

Swali la mzee yule nilirudi nalo Marekani, katika jimbo la North Carolina ninakoishi, na mwaka haukuisha kabla sijalipatia jibu. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2024 kimbunga Helene kiliingia nchi kavu Florida, na kesho yake mvua zake ziliyafikia maeneo ya milima ya magharibi mwa jimbo letu. Mto Swannanoa ulifurika ukasomba nyumba na barabara, na wakazi wa mji wa Asheville walikaa wiki kadhaa bila maji salama ya bomba. Nilikwenda huko na kikundi cha kanisa ninakosali, baada ya mafunzo mafupi ambayo mwanzoni niliyaona kama kupoteza muda, maana sikuamini kwamba mtu mzima anahitaji kufundishwa kutoa tope ndani ya nyumba.

Nilikosea. Kiongozi wetu, fundi mstaafu aliyekwisha kufanya kazi hiyo katika vimbunga vingi, alitueleza kwamba ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo ubao wa jipsamu uliolowa lazima ukatwe juu ya alama ya maji, ukuta ukaushwe hadi ndani, ndipo ujenzi ufuate. Sharti lake la kwanza, hata hivyo, halikuhusu ukuta. Alituagiza tusitupe kitu chochote kabla mwenye nyumba hajakiona na kusema kitupwe. Katika nyumba ya mama mmoja mjane tulikuta sanduku la picha zilizogandamana kwa tope. Tulizitenganisha moja moja ndani ya beseni la maji safi, tukazianika kwa vibanio kwenye kamba, na mama yule alikaa chini ya kamba ile karibu mchana kutwa akitutajia majina ya waliomo. Siku hiyo hatukumaliza ukuta hata mmoja, na kiongozi hakulalamika.

Utaratibu huo haukuzuka kwa siku moja. Wamennonite, dhehebu moja la Kikristo, walianza huduma yao ya maafa mwaka 1950 huko Kansas, na leo wanajulikana zaidi kwa kurudi kujenga nyumba wakati wengine wamekwisha kuondoka. Wabaptisti wa Kusini walianza mwaka 1967 baada ya kimbunga Beulah kuipiga Texas, na sasa wana majiko makubwa ya kupikia maelfu ya watu pamoja na vikundi vya misumeno vya kukata miti iliyoangukia nyumba. Wamethodisti huandaa ndoo za usafi kabla ya mafuriko yoyote kutokea, kila moja ikiwa na glovu, brashi, sabuni, kamba ya kuanikia na vibanio kwa orodha isiyobadilika, zikahifadhiwa ghalani zikisubiri siku yake. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Sikubaliani nao, kwa sababu lori letu la Katesh lilitumia fedha nyingi kusafirisha nguo ambazo nyingine hazikuvaliwa, na fedha hizo zingetosha kununua koleo na toroli.

Lakini kuna jambo ambalo huku sijaliona, na ambalo nyumbani tunalo bila kulithamini. Tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba tukiwa na orodha ya anwani, nilimwuliza mtu mmoja kuhusu nyumba ya jirani yake, naye hakujua jina la aliyekaa humo. Kule Katesh, mama mmoja mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha waumini majirani, alikuwa na daftari, na kwa daftari hilo alijua nani alikuwa mgonjwa kitandani, nani alikuwa na mtoto mchanga, na mzee gani asingekwenda kupanga foleni kwa sababu ya aibu. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya hizo kipaumbele tangu mwaka 1976, na sidhani kama kuna idara ya maafa popote duniani inayoweza kuinunua taarifa ya namna ile. Hata hivyo sisi wa lori hatukumwuliza mwenyekiti yule chochote mpaka mizigo ilipokuwa imekwisha kugawiwa.

Linalonichoma zaidi ni hotuba. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao juzi walisimamishwa juani wakisikiliza mahubiri, kisha wakapigwa picha mmoja mmoja wakipokea sabuni. Kanuni za maadili za mwaka 1994 za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, ambazo Caritas ya Kanisa Katoliki, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni ni miongoni mwa waliozidhamini, zinasema wazi kwamba msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Ugenini pia nimeona kosa hilo. Mwenzetu mmoja alimshika mfiwa kwa mahubiri marefu, na kiongozi akamwomba kwa upole atoke nje akalete toroli. Mfiwa alipotaka tuombe naye, tuliomba, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka.

Makanisa ya nyumbani yana vijana, wauguzi na mafundi ujenzi katika karibu kila usharika na parokia, na kamati za maafa zipo kisheria hadi ngazi ya kijiji. Kinachokosekana ni kuwafundisha watu hao mapema na kuwapa vitendea kazi. Kikundi chetu kidogo cha Watanzania hapa, ambacho kila mwaka kilikuwa kikikusanya nguo, kimekubali mchango wa safari hii ununue koleo, mabuti ya mpira na toroli, vifikishwe kabla ya mvua za masika. Tumeomba jambo moja tu, kwamba ufunguo wa stoo akae nao mwenyekiti wa jumuiya, yule mwenye daftari.