Mkwe, Injini Bado Haijaiva

Baba mkwe wangu anaishi Njombe, na ana imani mbili: Ukatoliki, na kupasha gari moto. Kwenye Ukatoliki unaweza kumbishia kidogo.

Hali ya hewa nayo inampa kiburi. Njombe mwezi wa Julai baridi haina mswalie mtume. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Mimi mtoto wa Dar nilitoka nje nimevaa kila kilichokuwa kwenye begi, na juu nimejifunga kanga ya mke wangu kichwani. Chekeni tu.

Siku hiyo tulikuwa tunawahi kipaimara Uwemba. Saa kumi na mbili alfajiri nasikia Vitz yangu inaunguruma uani. Mzee kachukua funguo mezani, kawasha.

"Shikamoo baba. Kumbe tunaondoka mapema?"

"Marahaba. Nani kasema tunaondoka? Napasha."

Mzee alijifunzia udereva kwenye Peugeot 404 ya kabureta, zile za kuvuta choki, ambazo ukiziharakisha zinakuzimikia katikati ya kilima. Kwa gari lile alikuwa sahihi kabisa. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba hili lina kompyuta: kukiwa na baridi linajiongezea petroli lenyewe, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda, kisha inashuka taratibu. Nusu dakika, dakika moja, unaondoka bila kukanyaga sana, na injini inapata moto haraka zaidi ikiwa inatembea. Ukiliacha limesimama linanguruma, unachoma mafuta bure, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye silinda. Halafu giaboksi na beringi za magurudumu zinabaki za baridi vilevile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Taa ya bluu inawaka?"

"Inawaka, baba."

"Haya."

Vitz haina mshale wa temperecha. Ina kitaa cha bluu kinachowaka maji ya injini yakiwa ya baridi, yakipata moto kinazimika. Sijui nani alimwonyesha mzee kitaa hicho. Namshuku mke wangu.

Basi, ili mjukuu wake wa miaka mitano asigandishwe na baridi, mzee akamketisha kiti cha dereva na andazi mkononi, gia iko P, hita imefunguliwa mpaka mwisho, akaingia ndani kutafuta kofia. Tukasikia *kwap!* Milango yote minne imejifunga. Funguo iko kwenye swichi. Funguo ya akiba? Gari la mtumba kutoka Japani hilo, lilishuka bandarini na funguo moja.

Nikagonga kioo. "Baba, fungua mlango." Mtoto akatikisa kichwa. Mama mkwe akaja na sauti ya fimbo, akatikisiwa kichwa. Shemeji akaja na hanga ya waya, akaanza kuichomeka kwenye raba ya kioo changu huku akisema aliona mtu akifanya hivyo Makambako. Jirani, bila kuitwa na mtu, akaja na tofali. Ndani, kioo kilikuwa kimeshika ukungu. Mtoto akafuta kaduara kadogo kwa mkono wa sweta, akaweka jicho moja pale, akatuchungulia tunavyotetemeka huku anatafuna. Makombo yanadondokea kiti changu. Mara akagundua honi.

Mzee akatoka na kofia yake kichwani, kikombe cha chai mkononi, akapasua kundi, akainama dirishani. Tukanyamaza wote, tukijua sasa wajina wake atamsikia.

"Wajina! Taa ya bluu imezimika?"

Kimya kidogo. "Bado, babu!"

Mzee akatugeukia. "Mnaona?" Akanywa chai.

Nilimtazama mke wangu, naye akatazama mawingu. Jirani akaniuliza kwa upole kama tofali arudi nalo au aliache. Misa ilikuwa saa mbili.

Muda ukapita, hata honi ikamchosha. Ghafla sauti kutoka ndani: "Babu! Imezimika!" Na hapohapo *kwap*, mlango ukafunguka, joto likatupiga usoni pamoja na harufu ya andazi.

"Wewe mtoto," mama mkwe akafoka, "kwa nini ulikataa kufungua?"

"Babu alisema nisimfungulie mtu mpaka taa izimike."

Mzee akavaa kofia vizuri. "Nilimaanisha joto lisitoke," akasema, akaingia kiti cha mbele.

Tukabanana watu sita kwenye Vitz, mtoto mapajani kwa babu yake, macho kwenye dashibodi. Hatujatoka hata getini akapiga kelele.

"Babu! Imewaka nyingine, ya njano, ina picha ya pampu ya petroli!"

"Mwache mkwe aendeshe," mzee akamjibu. "Nayo ikipata moto itazimika."