Ukitaka nozeli kwenye V8 ya zamani, anzia tangini

Wenye magari ya misuli ya Marekani, yale ya kati ya 1964 na 1972 kama GTO, Chevelle, Charger na Mustang, huniuliza swali moja kuliko yote: ninunue mfumo gani wa nozeli (vinyunyizio vinavyoingiza petroli kwa mgandamizo) ili niachane na kabureta? Wanachosubiri ni jina. Holley Sniper au FiTech? Edelbrock au FAST? Jibu langu huwakatisha tamaa, lakini nalisimamia: jina la kampuni liwe la mwisho kuamuliwa. Kama gari litawaka asubuhi, na kama litakuzimikia barabara kuu au la, hayo yanategemea tangi, pampu, mabomba ya mafuta na nyaya. Nimeona watu wengi wakitumia zaidi ya dola 1,000 kwa kile kifaa kinachong'aa juu ya manifoldi (njia za kuingiza hewa kwenye silinda), kisha wakakiunganisha na tangi la 1969 lililojaa kutu.

Kabla ya yote, wapo wanaoamini kwamba kuitoa kabureta ni kuivunjia historia heshima. Historia yenyewe haisemi hivyo. Chevrolet ilianza kuuza Corvette yenye nozeli za Rochester mwaka 1957. Injini ya inchi za ujazo 283 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 283, na kufikia 1965 ile ya inchi 327 ilikuwa imefika farasi 375. Mfumo ule ulikuwa wa kimekanika mtupu, bila kompyuta. Mwaka huohuo wa 1965 ikaja injini kubwa ya inchi 396, kabureta moja, farasi 425, kwa bei ya chini zaidi, na wanunuzi wakaifuata. Chrysler nao walijaribu mfumo wa umeme wa kampuni ya Bendix mwaka 1958. Elektroniki za wakati ule hazikuhimili joto na mtikisiko wa chini ya boneti, na magari mengi kati ya yale machache yaliyouzwa yakarudishiwa kabureta. Hataza za Bendix zikafika kwa Bosch, na mwaka 1967 Volkswagen ikaingia sokoni na D-Jetronic, mfumo wa umeme wa Bosch. Wahandisi wa Detroit walikuwa wakiitafuta njia hii kabla hata GTO ya kwanza haijatoka kiwandani.

Hata hivyo yapo magari ambayo sitayagusa, na nitamsihi mwenyewe asiyaguse. Road Runner yenye injini ya Hemi 426 na kabureta zake mbili za Carter. Chevelle ya 1970 yenye injini ya LS6. GTO ya 1966 yenye kabureta tatu, mwaka wa mwisho kabla General Motors haijaupiga marufuku mpangilio huo. Kama namba za injini bado zinalingana na za bodi, gari la namna hiyo ni kumbukumbu ya kiwanda, na kabureta zake ni sehemu ya kumbukumbu hiyo. Tafuta fundi anayezijua, azifungue, azisafishe, azirudishe. Ninachozungumzia hapa ni magari ya kuendeshwa: Camaro ya inchi 350, Mustang ya inchi 302, Charger ya inchi 383, gari ambalo mwenyewe anataka kulipeleka kazini Ijumaa na safarini Jumamosi.

Mimi naishi Colorado, na huku hoja ya nozeli haihitaji maneno mengi. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda barabara ya I-70 kuelekea magharibi, handaki la Eisenhower liko karibu mita 3,400. Hewa ya pale ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani. Kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kumimina petroli kwa kipimo ilichofungiwa kule chini, plagi zinajaa masizi, gari linapanda mlima likihema. Mfumo wa nozeli una sensa inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, na unapunguza mafuta wenyewe kadiri unavyopanda.

Halafu kuna petroli ya siku hizi. Sehemu kubwa ya Marekani inauziwa petroli yenye ethanoli asilimia 10. Inachemka mapema kuliko petroli ya enzi za magari haya, na mwinuko unazidisha tatizo. Pampu ya zamani imefungwa ubavuni mwa injini, penye joto, na inavuta mafuta kutoka nyuma ya gari. Kuvuta kunapunguza mgandamizo ndani ya bomba, petroli inageuka mvuke kabla haijafika, na gari linazima kwenye foleni ya mchana likiwa na tangi limejaa. Watu wanabadilisha kabureta, wanabadilisha koili, wanabadilisha hata rejeta, na kosa liko kwenye bomba.

Ndiyo maana nasema anzia tangini. Kabureta inahitaji pauni 5 hadi 7 tu kwa inchi ya mraba. Mifumo mingi ya nozeli inayouzwa kwa magari haya inataka karibu pauni 58. Pampu ya kutoa mgandamizo huo inapaswa kukaa ndani ya tangi, imezama kwenye petroli inayoipoza, ikisukuma badala ya kuvuta. Pampu ya nje inafanya kazi pia, lakini inapiga kelele, inapata joto, na inateseka mafuta yakipungua. Vipo pia vile vyombo vidogo vya akiba vinavyofungwa chini ya boneti ili mtu asiguse tangi la zamani. Mimi sivipendi. Kuweka pampu na petroli sehemu yenye joto kuliko zote kwenye gari ni kurudi kulekule tulikokuwa tunakimbia.

Jambo la pili ndani ya tangi ni kuta za kuzuia mafuta yasiyumbe. Kabureta ina bakuli lenye boya, kwa hiyo pampu ikivuta hewa kwa sekunde mbili, injini inakunywa akiba ya bakuli na dereva hajui lolote. Nozeli hazina akiba. Tangi likiwa robo, ukaingia kwenye kona ya kulia kwa kasi, petroli inakimbilia upande mmoja, pampu inameza hewa, na injini inakata papo hapo. Matangi mapya yaliyotengenezwa kwa ajili ya nozeli, yenye umbo lilelile la Chevelle au Mustang ya asili, yana kikombe maalumu kuzunguka pampu. Yanagharimu mamia ya dola, na hizo ndizo pesa ninazozitetea kuliko zote katika kazi hii.

Mafundi wa kule nyumbani watakumbuka Corolla zilipobadilika kutoka injini ya 4A-F yenye kabureta kwenda 4A-FE yenye nozeli. Ile herufi E ilikuja na gari zima: pampu ndani ya tangi, mabomba ya mgandamizo mkubwa, bomba la kurudisha mafuta, sensa kwenye eksozi, kontrol boksi yenye nyaya zake. Toyota hawakung'oa kabureta wakabandika nozeli juu ya mabomba yaleyale. Sisi tunaogeuza gari la 1968 tunafanya kazi ambayo kiwanda kilifanya na wahandisi wengi, hivyo tusiruke hatua ambazo wao hawakuziruka.

Bomba la kurudisha mafuta liwepo. Petroli inayozunguka muda wote haipati nafasi ya kukaa karibu na eksozi ikachemka. Kama hutaki kupitisha bomba la pili hadi mbele, ipo njia ambayo wenye kupachika injini za LS, zile V8 mpya zaidi za General Motors, wanaijua vizuri: kichujio cha Corvette za 1999 hadi 2003, chenye regyuleta (kidhibiti cha mgandamizo) ndani yake ya pauni 58. Unakifunga karibu na tangi, mafuta ya ziada yanarudi palepale, na linakwenda mbele bomba moja tu.

Kwenye mipira ya mafuta sina mzaha kabisa. Mpira wa kawaida wa kabureta, wenye alama 30R7, umekadiriwa kwa pauni 50. Mfumo wako unasukuma 58. Tafuta mpira wenye alama 30R9, na kwa kipande kinachozama ndani ya tangi tafuta 30R10, kwa sababu 30R9 haukutengenezwa kulowa nje na ndani. Klipu nazo ziwe zile zinazobana mduara wote bila kukata mpira. Bomba la kabureta likivuja, linadondosha. Bomba la nozeli likivuja, linanyunyiza ukungu wa petroli juu ya eksozi, na hapo unaweza kupoteza gari na maisha.

Nyaya zinakuja baada ya mafuta. Kompyuta ya mfumo huu inasoma ishara ndogo sana katikati ya gari lililojaa kelele za umeme. Waya wa chanya na wa ethi wa kompyuta uende moja kwa moja kwenye betri, usidandie fyuzi boksi ya mwaka 1970. Nyaya za plagi zenye kiini cha shaba kitupu ziondoke, ziwekwe zile zinazozuia mwingilio wa umeme. Waya wa kompyuta usipite jirani na koili wala distributa. Altaneta nyingi za enzi hizo zilitoa kati ya ampea 37 na 61, na pampu peke yake inaweza kula 8 hadi 10, hujaongeza feni ya umeme. Ukiona mtu analalamika kwamba mfumo wake "umepagawa", injini inamisi bila mpangilio na kompyuta inajizima, mkague ethi na njia za waya kabla hujamruhusu airudishe dukani.

Sasa tuje juu ya injini. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kifaa kinachokaa mahali pa kabureta, chenye nozeli nne mara nyingi, na mafuta yanasafiri ndani ya manifoldi kama zamani. Ya pili ni nozeli moja kwa kila silinda, karibu kabisa na valvu. Ya pili ni bora kwa mgawanyo wa mafuta, maana silinda za mwisho hazipati mabaki ya wenzao. Lakini inadai manifoldi mpya, reli za mafuta na pesa nyingi zaidi. Kwa V8 ya kutembelea isiyozidi farasi 450, naona ya kwanza inatosha, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya mashabiki wa mbio. Anayejenga injini upya kutoka mwanzo, au anayetaka kuongeza turbo, aende moja kwa moja kwenye ya pili.

Ukubwa wa nozeli unahesabika kwa kalamu. Chukua nguvu za farasi, zidisha kwa 0.5, kisha gawanya kwa idadi ya nozeli na tena kwa 0.8. Injini ya farasi 400 yenye nozeli nane inahitaji kila moja itoe kama pauni 31 za mafuta kwa saa. Angalizo: namba zilizoandikwa kwenye vitabu vya kabla ya 1972 zilipimwa injini ikiwa peke yake, bila eksozi kamili wala mikanda yote, kwa hiyo zimekuzwa. Usinunue kwa kufuata namba ya brosha.

Uliza pia kuhusu kemshafti, ile fimbo inayofungua valvu. Kemshafti kali, ile inayofanya gari ligugumie kwa raha likiwa limesimama, inaacha valvu za kuingiza na kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Hewa isiyoungua inapita hadi kwenye eksozi, sensa ya oksijeni inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika. Hapa ndipo maneno ya "mfumo unaojifunza wenyewe" yanapofika kikomo. Unajifunza, ndiyo, lakini unafundishwa na sensa, na sensa ikidanganywa na kemshafti au na tundu dogo kwenye gasketi ya eksozi, utajifunza uongo. Mwenye kemshafti ya namna hiyo atafute mfumo ambao fundi anaweza kuuingia kwa kompyuta na kuandika jedwali la mafuta kwa mkono.

Kitu kimoja kinasahaulika mno na kinaua giaboksi. Gari za Chrysler zenye giaboksi ya 727 zina fimbo inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi, na fimbo hiyo ndiyo inayoipa mgandamizo wa oili kulingana na mguu wako. Ukiiacha ikining'inia kwa sababu kifaa kipya hakina pa kuishikiza, klachi za ndani zitateleza na kuungua. Nunua kiunganishi chake siku ileile unayonunua mfumo. Wenye magari ya General Motors yaliyokuwa na kabureta ya Quadrajet wapime nafasi chini ya boneti, kwa kuwa adapta ya kuoanisha matundu inainua kila kitu.

Ningekuwa na Chevelle ya 1969 mbele yangu leo, ningeshusha tangi wiki ya kwanza, nikaweka jipya lenye pampu, nikapitisha mabomba, nikabadilisha altaneta na nyaya za plagi. Kabureta ningeiacha juu kwa muda, na regyuleta ya kushusha mgandamizo hadi pauni 6, nikaendesha hivyo mwezi mzima nikitafuta mvujo. Distributa na muda wa moto (wakati plagi zinapopiga cheche) nisingeviingiza kwenye kompyuta mwanzoni. Mafuta kwanza, yakitulia ndipo cheche zifuate. Na siku ya kuchagua kati ya Holley na FiTech na wengineo, ningepiga simu kwenye gereji za mji wangu, nikauliza ni mfumo upi fundi wao ameufungua mara nyingi zaidi na spea zake zinapatikana siku hiyohiyo. Huo ndio ningenunua.