Asilimia 72 ya nini? Dashibodi na BIM kwenye saiti za Mtwara

Ukikaa kwenye vikao vya miradi huku kwetu Mtwara, hukosi kusikia taarifa kama hii: "Mradi umefikia asilimia 72." Watu wanaandika kwenye madaftari, kikao kinasonga mbele. Natamani kila mjumbe ajizoeze kuuliza: asilimia 72 ya nini? Ya fedha zilizolipwa, ya muda uliopita, au ya kazi iliyosimama pale saiti? Mkandarasi anaweza kuwa ameshalipwa sehemu kubwa ya fedha, nusu yake ikiwa ni vifaa vilivyolala stoo, huku jamvi la ghorofa ya pili, yaani sakafu yake ya zege, halijafungwa hata boksi, zile mbao za kumwagia zege.

Siku hizi dashibodi zimeingia: ukurasa mmoja kwenye skrini, grafu za rangi, bosi aliyeko Dodoma au Dar anafungua simu na kuona mradi ulipofika. Naziunga mkono, kwa sharti moja. Namba zake zitoke kwenye modeli ya jengo, zisitoke kwenye makadirio ya mtu aliyepita saiti Ijumaa jioni.

Hapo ndipo BIM inapohitajika, yaani modeli ya jengo kwenye kompyuta inayobeba taarifa za kila sehemu yake. Kwenye ramani ya kawaida nguzo ni mistari tu. Kwenye modeli ya BIM nguzo hiyo ina namba yake, ujazo wake wa zege, uzito wa nondo zake, kiwango cha nguvu ya zege kinachotakiwa na tarehe iliyopangwa kumwagwa. Dashibodi ikiunganishwa na modeli ya namna hiyo, maendeleo yanahesabika. Tuseme jengo lina nguzo 48 chini: 31 zimemwagwa, 5 zimesukwa nondo zinasubiri mkaguzi, 12 bado. Ukibonyeza nguzo moja unaona nani aliikagua, lini, na picha ya nondo kabla ya boksi kufungwa.

Ila kinachonishawishi kuliko vyote ni majibu ya kyubu, vile vipande vya zege vya mchemraba vinavyobanwa maabara kupima nguvu yake. Zege likimwagwa, kyubu hupimwa siku ya 7 na siku ya 28. Jibu la siku 7 linatoa dalili, kwa kawaida kama theluthi mbili ya nguvu inayotarajiwa, na la siku 28 ndilo la kuamulia. Sasa fikiria majibu hayo yanavyotunzwa kwenye saiti nyingi: karatasi ya maabara inafika, inatobolewa, inaingia kwenye faili. Kundi moja likishindwa siku ya 28, mafundi wameshapanda juu na jamvi limeshakaa juu ya nguzo zile. Halafu linaanza swali la nguzo zipi hasa, maana karatasi imeandika tarehe tu. Majibu yakifungwa kwenye namba ya nguzo ndani ya modeli, jibu bovu la siku 7 linageuka rangi nyekundu kwenye dashibodi asubuhi hiyo hiyo, na msimamizi anaweza kusimamisha kazi ya juu kabla haijawa kesi. Hospitali na mabweni yanabeba watu. Jambo hili halifai kuachiwa faili.

Jambo jingine ni barabara. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, lakini nondo, vigae, nyaya na mabomba mengi yanatoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo upande wa Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa. Modeli inajua nguzo na mihimili iliyobaki inahitaji tani ngapi za nondo, na stoo inajua zilizopo. Ukizikutanisha, dashibodi inakwambia una kazi ya wiki ngapi kabla nondo hazijaisha, na unaagiza kabla ya masika, wakati lori bado linapita.

Ratiba nayo lazima ijue korosho. Kuanzia Oktoba minada inapoanza, fedha inaingia vijijini, na kijana aliyekuwa anabeba zege ana shamba la baba yake la kuhudumia. Mpangaji aliyeko mbali hupanga umwagaji wa jamvi kubwa mwezi huo kisha akashangaa kukosa vibarua. Wenyeji wanalijua hilo miaka yote, liingizwe kwenye mfumo.

Sisemi kila jengo lihitaji BIM. Kwa madarasa mawili ya shule ya msingi, daftari zuri na fundi mkuu makini vinatosha. Nazungumzia majengo ya ghorofa, hospitali, masoko, kazi zenye mifumo ya maji na umeme inayopishana ndani ya dari, ambako bomba likigongana na mhimili ni heri ugundue kwenye modeli kuliko kuvunja zege.

Na anayeilisha dashibodi ni mama wa stoo na fundi mkuu. Wapewe fomu fupi ya Kiswahili kwenye simu, inayojazika hata mtandao ukikatika na kujituma ukirudi. Wakishajaza, nao waione dashibodi yenyewe. Mama wa stoo akiona namba yake imeokoa siku tatu za kazi, kesho hataacha kuijaza.

Uingereza ilianza kudai BIM kwenye miradi ya serikali kuu mwaka 2016, na kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za majengo, ISO 19650, kilichotoka 2018 kinamtaka mwenye mradi aseme mapema anahitaji taarifa zipi. Halmashauri zetu zinaweza kuanza hapo bila kusubiri mtu, kwa kuandika kwenye zabuni kwamba modeli itakabidhiwa pamoja na funguo za jengo, katika muundo wa wazi wa IFC, unaofunguka kwenye programu tofauti, ikiwa na majibu ya kyubu na picha za ukaguzi kwa kila nguzo, na kwamba malipo ya mwisho hayatatoka hadi injinia wa halmashauri aifungue kwenye kompyuta yake mwenyewe.